Uzi maalumu: Tunaoishi na baridi yabisi, siku zetu zinaendaje na matibabu tunayamudu vipi?

FundiCherehani_Moro (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni fundi cherehani, naishi Morogoro, nina baridi yabisi. Nasema ile ambayo kinga ya mwili inageuka na kushambulia utando laini wa ndani ya kiungo, kiungo kinavimba, kinapata joto, na kisipotibiwa kinapinda moja kwa moja. Nyuzi nyingi za maumivu ya viungo humu jukwaani zinaishia kwenye swali la dawa gani inaponya. Huu nauomba uwe wa maisha yenyewe. Unaamkaje? Kazini unafanyaje? Nyumbani nani anasonga ugali siku ambayo mikono imegoma? Kliniki unaifikaje?

Nianze mimi. Asubuhi ndiyo ngumu kuliko saa zote. Vidole vinakaza, ngumi haikunjiki, viganja vyote viwili kwa pamoja. Kushika mswaki ni kazi. Kumfunga mtoto vifungo vya shati la shule ni kazi. Kwa hiyo naamka mapema kuliko nyumba nzima, naloweka mikono kwenye maji ya uvuguvugu, nakunja na kukunjua taratibu mpaka vidole vianze kusikia. Siku nzuri inaachia upesi. Siku mbaya inapita saa nzima na zaidi, na watoto hawawezi kusubiri, gari la shule haliwezi kusubiri.

Kazini kilichonishinda mwanzo hakikuwa cherehani, kilikuwa mkasi. Mkasi mzito wa kukatia kitambaa unataka kidole gumba chenye nguvu, na changu kinauma hadi kwenye kifundo cha mkono. Halafu kutia uzi kwenye sindano, kubana pini, kupindua kola. Cherehani ya kukanyaga nayo ilikuwa inanimaliza vifundo vya miguu, nikafunga mota. Sasa ukataji anafanya binti ninayemfundisha, mimi nachora na kupima na kushona. Maana yake kipato tunagawana. Msimu wa Idi na Krismasi, wakati mafundi wenzangu wanakesha na kuingiza hela, mimi nakataa kazi, kwa sababu nikikesha siku mbili, wiki inayofuata siamki.

Jambo la pili ni watu kutokuamini. Ugonjwa huu unapanda na kushuka. Leo utaniona sokoni natembea, kesho siwezi kuinua birika. Ndugu wa mume anakuuliza, "Jana si ulikuwa unadeki?" Ndiyo, jana nilikuwa nadeki. Hilo swali linauma kuliko goti, kwa sababu unabaki unajitetea ndani ya nyumba yako mwenyewe, na mwisho unafanya kazi ambayo hukupaswa kuifanya ili tu usionekane mvivu.

Jambo la tatu, matibabu. Nilizunguka miaka kabla ya kupata jina la ugonjwa. Nilitibiwa malaria, nikatibiwa taifodi, nikaambiwa ni baridi ya kufua alfajiri, nikachomwa sindano za maumivu duka hadi duka. Mganga mmoja wa zahanati, kijana mdogo, ndiye aliyenishika vidole kimoja kimoja, akaniuliza ukakamavu wa asubuhi unachukua muda gani, akaandika rufaa siku ileile. Hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo. Hospitali kubwa nikapimwa damu na picha ya mikono, nikaanzishiwa methotreksati, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, mara moja kwa wiki, pamoja na vitamini ya asidi ya foliki. Haikunisaidia wiki ya kwanza wala ya tatu. Ilichukua muda, lakini uvimbe ulishuka.

Tatizo ni kuendelea. Nauli ya kwenda kliniki, vipimo vya damu na ini kila baada ya muda, na dawa ambayo duka la kawaida la mtaani hawana. Ikikosekana hospitali, natafuta mjini hadi nichoke. Nikiikosa wiki kadhaa, mwili unanikumbusha.

Karibuni. Naomba tuandike vitu tunavyofanya kweli.

Binti_Ubungo

Pole sana dada. Mama yangu mdogo anayo, na sisi ndio tuliokuwa tunamwambia anajidekeza. Nakaa hapa nasoma.

TibaAsilia_Halisi

Dada pole. Ipo dawa ya unga ya mizizi, wiki mbili tu unasahau kabisa. Wengi wamepona. Njoo faragha nikupe maelekezo.

MuuguziMstaafu

Mleta mada, asante kwa kuandika kwa uwazi. Nimefanya kazi wodini na kliniki kwa muda mrefu, naomba niseme machache, nikianza na huyu ndugu wa unga.

Mkuu, sikushambulii. Wapo wenye kutumia tangawizi, wapo wenye kukandwa kwa maji ya moto, na wanapata faraja, sina ugomvi nao. Lakini unga au vidonge visivyo na jina, vinavyomaliza maumivu ndani ya siku mbili tatu, ninaviogopa. Nimewapokea wagonjwa waliotumia vitu hivyo wakaja uso umevimba umekuwa wa duara, sukari iko juu, mifupa imekuwa dhaifu. Ni dalili za mtu anayekula predinisoloni, dawa kali ya jamii ya steroidi ya kushusha uvimbe, bila kujua. Predinisoloni ni dawa nzuri mkononi mwa daktari, kwa dozi ndogo na muda unaojulikana. Ukiitumia muda mrefu kisha ukaiacha ghafla, mwili unaweza kuporomoka. Kwa hiyo anayetumia unga wa namna hiyo asiuache kimyakimya, aende nao hospitali, auweke mezani, aseme ameutumia tangu lini.

Sasa kwa wanaosoma na viungo vinauma. Maumivu ya viungo si ugonjwa mmoja. Kuna kusagika kwa gegedu, lile tabaka laini linalokinga ncha za mifupa kwenye kiungo, ndiko kunakowapata wengi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria watu milioni 528 mwaka 2019, na goti ndilo linaloongoza. Huko ukakamavu wa asubuhi mara nyingi unaachia ndani ya nusu saa, na maumivu yanazidi kadiri unavyotembea. Kuna jongo, linakuja usiku kwa kishindo, mara nyingi kidole gumba cha mguu, kwa sababu ya asidi ya yuriki, ambayo ni taka ya mwili, kuzidi kwenye damu. Na kuna hii ya mleta mada: viungo vidogo vya vidole na vifundo, kulia na kushoto kwa pamoja, ukakamavu mrefu wa asubuhi, uchovu, wakati mwingine kupungua uzito. Mwaka huohuo wa 2019 shirika hilo lilikadiria watu milioni 18 duniani wanayo, na takriban asilimia 70 ni wanawake. Haisubiri uzee, wala hailetwi na baridi. Inaweza kumpata mama wa miaka 30.

Kwa nini nasisitiza jina la ugonjwa lijulikane mapema? Kwa sababu diklofenaki inatuliza maumivu lakini haizuii kiungo kuliwa. Ukiinywa miezi na miezi unajiletea vidonda vya tumbo, presha na madhara ya figo, na huku vidole vinaendelea kupinda. Dawa zinazozuia ugonjwa wenyewe ni methotreksati, salfasalazini, haidroksiklorokwini na jamii zake. Zikianza mapema, ndani ya miezi ya mwanzo, kiungo kinaokoka. Kilichokwisha kupinda hakinyooki kwa vidonge.

Na hili naliandika peke yake kwa sababu linaua: methotreksati ya ugonjwa huu ni mara moja kwa WIKI, si kila siku. Chagua siku, iandike kwenye kasha, mwambie na mtu wa nyumbani. Anayeinywa kila siku anaharibu uboho na damu yake. Pombe weka mbali, ini litakushukuru. Ukipata vidonda mdomoni, homa, au kikohozi kikavu na kushindwa kupumua, usingoje tarehe ya kliniki.

FundiCherehani_Moro

Muuguzi, Mungu akubariki. Mimi ninachukua Ijumaa jioni, kwa sababu kesho yake kichefuchefu kinanipitia na duka langu Jumamosi linafunguliwa na binti. Foliki nanywa siku nyingine kama nilivyoelekezwa.

BabaWawili

Nachangia kama mume. Mke wangu ana ugonjwa huu, na wanaume tunaosoma humu hatuandiki, kwa hiyo acha niandike.

Sisi tulipanga upya nyumba. Madumu ya lita 20 tuliyatoa, yakaingia ya lita 5. Watoto wanaweza kubeba, na yeye akilazimika anabeba kwa kukumbatia na mikono miwili, si kwa vidole. Mwiko na visu tulivizungushia vipande vya tairi la ndani la baiskeli, mshiko ukawa mnene. Kitu chembamba ndicho kinachomuumiza. Bomba la kuzungusha la jikoni fundi alilibadilisha, likawekwa la kusukuma kwa kiwiko. Kufua nguo nzito kama mashuka na jinzi ni kazi yangu na kijana wetu mkubwa Jumapili. Ugali nasonga mimi. Kuna majirani walisema maneno. Wameacha wenyewe.

Kilichotuchelewesha ni ukimya. Alikuwa anaficha maumivu ili nisimchoke. Hata chumbani, alikuwa anaumia nyonga na magoti na hasemi, mimi nadhani amenikasirikia. Siku tulipozungumza tukajua kwamba ni kubadilisha mlalo, kuweka mto, kuchagua saa ambayo dawa imefanya kazi na mwili umeshapata joto. Haya mambo kliniki hawakuulizi. Wanaume, ulizeni wenyewe, kwa upole, na msiulize asubuhi.

Na kliniki nendeni nao. Nilipoanza kuingia naye kwa daktari ndipo nilipojua mambo mengi. Yeye akiulizwa "unaendeleaje" anasema "naendelea vizuri", kwa adabu tu. Mimi nasema, "Daktari, wiki mbili hizi hajaweza kuchana nywele zake." Daktari akaacha kuandika, akamtazama mabega.

Mwalimu_Nakuru

Hamjambo nyote. Nawasalimu kutoka Kenya. Nimesoma jibu la Baba Wawili mara mbili.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Kuandika ubaoni kulinishinda upande wa bega na kifundo. Chaki ni nyembamba mno kwa vidole vyangu. Nilianza kuwaita wanafunzi wa darasa la juu waandike huku nikisoma, na kusahihisha madaftari nikahamishia saa za mchana, kwa kuwa asubuhi kalamu haikai mkononi. Hayo yote nilikuwa nayafanya kwa siri, nikiogopa kuambiwa nistaafu mapema.

Kilichobadilisha mambo ni barua. Nilimwomba daktari wangu aandike kwa mwalimu mkuu, si barua ya kusema "ni mgonjwa" tu, bali yenye mambo ya kufanyika: somo la kwanza la asubuhi apewe mwalimu mwingine, darasa langu liwe la chini bila ngazi, nisipangwe zamu ya kusimama langoni. Mwalimu mkuu aliposoma aliona ni mambo madogo, ratiba ikapangwa upya muhula uliofuata. Ombeni barua ya namna hiyo. Barua inayosema tu mtu ni mgonjwa inampa mwajiri wasiwasi.

Jambo lingine ambalo sijaona likiandikwa popote ni sahihi. Vidole vilipovimba, sahihi yangu ilibadilika, benki wakakataa kunipa pesa zangu mwenyewe, nikabaki dirishani foleni yote ikinitazama. Siku hizi nimeomba wanitambue kwa alama ya kidole pamoja na kitambulisho. Fanyeni hivyo kabla hamjafika mahali pa kuaibishwa.

Matatu nayo ni mtihani. Kondakta anakuhimiza upande haraka, ngazi iko juu, na chuma cha kushikilia kinataka mkono wenye nguvu. Mimi nasubiri gari linaloanzia kituoni, hata nikichelewa.

Huku kwetu bima ya afya ya serikali ilitoka NHIF ikawa SHA mwaka 2024, kwa hiyo kila mmoja aulize upya hospitalini kwake kipi kinalipiwa na kipi hakilipiwi kabla ya siku ya kliniki. Bei ya vipimo hupanda kimyakimya.

BintiUnguja

Assalaam alaykum. Naandika kwa niaba ya mama, umri wake miaka hamsini na kitu, viungo vyote vya mikono na magoti.

Mama alikuwa mpishi wa shughuli, wali wa nazi wa harusi za mtaani ni wake. Kukaa juu ya mbuzi kukuna nazi hawezi tena, si magoti si viganja. Sasa nazi tunanunua iliyokunwa, kukamua nakamua mimi, yeye anakaa kwenye kiti cha juu anaelekeza. Mwanzo alikuwa analia akiona watu wengine wanaingia jikoni mwake. Kilichomsaidia ni kwamba tulimwachia kuonja. Hakuna chungu kinachoteremshwa kabla mama hajaonja, na watu wa shughuli wanamwita kwa hilo na wanamlipa.

Swala ilimhuzunisha zaidi. Alidhani kuswali kitini ni upungufu. Ustadhi alimjia nyumbani akamsomea hadithi ya Imran bin Husayn iliyopokewa na Bukhari: swali kwa kusimama, usipoweza basi kwa kukaa, usipoweza basi kwa ubavu. Tangu hapo ameweka kiti chake mahali pa kuswalia bila haya. Maji ya udhu ya alfajiri tunamtia uvuguvugu kwenye birika lenye mkono mpana.

Kilichotushinda ni choo. Chetu cha kuchuchumaa. Anapunguza kunywa maji ili asiende mara kwa mara, na hilo linanitisha. Aliyetengeneza kiti cha choo atuelekeze.

MuuguziMstaafu

Binti, hilo la kunywa maji kidogo lishughulikieni upesi, hasa kama anatumia dawa za maumivu. Figo zinaumia. Wagonjwa wengi wanafanya hivyo na hawasemi. Ndiyo sababu nilikuwa nawauliza wagonjwa wangu choo chao kikoje kabla ya kuwauliza maumivu.

MzeeWaHai

Vijana, shikamooni mnanidai, lakini leo nawasalimu mimi kwanza.

Mimi ni mkulima wa kahawa na migomba, Hai, Kilimanjaro. Magoti yangu yamesagika, hayo nimeambiwa na nimeona picha. Sasa mnasema baridi haileti ugonjwa. Huku kwetu mlimani, mwezi wa sita na wa saba, tunajua sisi. Nimelima na kubeba mizigo kwenye umande tangu utoto. Watafiti wa hospitali ya KCMC ya Moshi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Glasgow waliwahi kuja wilayani kwetu kuuliza watu maumivu ya viungo, na kila mzee aliwaambia baridi na kazi ngumu. Sote tumekosea?

Kinachonisumbua mimi ni kazi. Shamba la kihamba lina mteremko. Kupanda naweza, kushuka ndiko goti linakokataa. Nilikaa ndani mwaka mzima nikijihurumia, goti likazidi kukaza. Binti wa mazoezi ya viungo hospitalini akanifundisha kukaa kitini na kunyoosha mguu mmoja hadi ulingane na paja, nauhesabia, naushusha, kisha mwingine. Kila siku. Na fimbo, akasema ishikwe mkono wa upande wa goti zima, si wa goti bovu. Nilidhani amekosea. Jaribuni.

MuuguziMstaafu

Shikamoo mzee wangu. Sisemi umekosea. Kazi nzito ya miaka mingi na kupiga magoti kunachangia kusaga gegedu, hilo ni kweli kabisa, na uzito wa mwili pia. Baridi kweli inafanya kiungo kikaze na maumivu yasikike zaidi, kwa hiyo blanketi na sweta ni sehemu ya matibabu. Ninachokataa ni pale mtu wa miaka 28 mwenye vidole vilivyovimba pande zote mbili anapoambiwa "ni baridi, vaa soksi" akarudishwa nyumbani. Ugonjwa wake hautokani na baridi, na kila mwezi anaopoteza, kiungo kinaliwa.

Kuhusu fimbo, binti yule amesema sawasawa.

MzeeWaHai

Marahaba mwanangu. Hapo tumeelewana.

Kijana_Newala

Wakuu, kwa wenzetu wa kusini na pwani, kuna na virusi vya chikungunya. Viligunduliwa mara ya kwanza huku kwetu, uwanda wa Makonde, katika mlipuko wa mwaka 1952. Mbu ndiye anayevileta. Homa inaondoka lakini viungo vinaweza kuuma miezi kadhaa na vinafanana sana na hiki mnachokieleza. Baba yangu alitaka kuanza dawa za baridi yabisi kwa ushauri wa duka la dawa, daktari akamuuliza kwanza habari ya homa iliyotangulia. Kwa wafugaji, wanaokunywa maziwa mabichi wana maradhi yao pia yanayoshika viungo, yanatoka kwa mifugo. Mwelezeni daktari historia yote.

MamaWaKipenzi

Nimesita kuandika. Mwanangu ana miaka tisa, ana ugonjwa wa viungo wa watoto. Watu hawaamini kwamba mtoto anaweza kuwa nao. Alianza kuchechemea asubuhi, mchana anacheza. Tukasema anakwepa shule.

Shuleni walikuwa wanampigisha magoti kama adhabu akichelewa kuingia mstarini. Anachelewa kwa sababu hawezi kukimbia. Mtoto hakusema. Aliniambia mdogo wake. Nilikwenda nimejiandaa kugombana, mwalimu wa darasa akashtuka kuliko mimi, hakuwa anajua. Sasa ana ruhusa ya kusimama na kutembea kidogo darasani, maana akikaa muda mrefu anakaza, na michezo anashiriki siku anazoweza, anachagua mwenyewe. Asizuiwe kucheza kabisa. Hilo daktari alilisisitiza mno.

Wazazi wenzangu, mtoto chini ya miaka 16, kiungo kimevimba wiki 6 na hakuna kilichoonekana kukileta, mpelekeni hospitali. Na macho! Macho ya watoto hawa yanaweza kuvimba kwa ndani bila kuwa mekundu na bila kuuma, yakapoteza nuru. Tunapelekwa kliniki ya macho kwa tarehe, hata akiwa mzima.

Kinachonichosha ni sindano ya kila wiki. Analia kabla sijafungua hata pakiti. Mwenye njia anisaidie.

FundiCherehani_Moro

Mama, pole sana mpenzi wangu. Nimelia. Huyo mtoto mpe busu la kutoka Morogoro.

MuuguziMstaafu

Mama, muulize daktari wake kama anaweza kuhamia kwenye vidonge. Wapo wanaoweza, wapo ambao sindano inawafaa zaidi. Kama ni sindano, acha yeye achague paja lipi, na saa iwe ileile kila wiki ili asikae siku nzima akiwaza. Kama dawa inatunzwa kwenye friji, itoe mapema kidogo isiwe ya baridi unapomchoma. Na usimwambie "haiumi". Mwambie inauma kidogo na itaisha ukihesabu hadi kumi, kisha uhesabu kweli.

Binti_Ubungo

Naomba kuuliza. Mama mdogo yupo kwenye haidroksiklorokwini. Mwaka 2020 ilipoadimika wakati wa korona alikaa bila dawa, akarudi kitandani kabisa. Ikitokea tena dawa haipo, mgonjwa afanye nini?

FundiCherehani_Moro

Nilivyojipanga mimi: siendi kununua siku inapoisha, naanza kutafuta zikibaki za wiki tatu. Nina namba ya mfamasia wa hospitali kubwa, namuuliza kabla sijapanda basi. Na tuko wagonjwa wachache tuliojuana foleni ya kliniki, mmoja akiona dawa imefika anawaarifu wengine. Hatupeani vidonge, tunapeana taarifa. Ikikosekana kabisa narudi kwa daktari aamue nitumie nini kwa muda huo, sijazi pengo kwa diklofenaki.

Dada_Tabora

Mimi nina swali la siri kidogo. Nina miaka 31, natumia methotreksati, mume wangu anataka mtoto wa pili na mimi pia nataka. Mama mkwe ananiambia niache dawa zote nishike mimba haraka.

MuuguziMstaafu

Dada, usiache zote na usishike mimba ukiwa bado unaitumia hiyo. Methotreksati inaharibu mimba na inaleta ulemavu kwa mtoto. Inatakiwa iachwe kabla, kwa kawaida angalau miezi 3, na muda huo mnatumia uzazi wa mpango. Lakini si kwamba ubaki mikono mitupu. Salfasalazini na haidroksiklorokwini zinaweza kutumika wakati wa ujauzito, daktari anakuhamishia huko kwanza, anaona ugonjwa umetulia, ndipo mnaendelea. Wanawake wengi wanapata nafuu wakiwa wajawazito, kisha ugonjwa unarudi kwa nguvu baada ya kujifungua, wakati huohuo ambao una mtoto wa kubeba na kunyonyesha. Kwa hiyo panga msaada wa nyumbani wa miezi ile tangu sasa. Mama mkwe mpe kazi hiyo, ataifurahia.

Dada_Tabora

Asante sana. Hakuna aliyewahi kunieleza hivyo. Nitamwomba mume wangu twende wote kliniki, niliyoyasoma kwa Baba Wawili nitamwonyesha.

BabaWawili

Karibu dada. BintiUnguja, nimechelewa kukujibu, nilikwenda kwanza kuulizia kwa seremala wetu.

Kiti cha choo: chukueni kiti cha mbao imara chenye mikono, si cha plastiki, kinateleza. Seremala akate tundu katikati ya sehemu ya kukalia, alainishe kingo kwa msasa, kisha apake rangi ya mafuta ili maji yasiingie kwenye mbao. Urefu msiukadirie kwa macho. Mama akae kwenye kiti cha kawaida, magoti yasiwe juu kuliko nyonga, mpime kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti, mwongeze kidogo, maana kiti kirefu kinasaidia kuinuka. Miguu ya kiti ivishwe mpira chini. Kikae juu ya tundu la choo, kwa chini fungeni kipande cha ndoo iliyokatwa kitako ili uchafu usisambae. Ukutani mfunge bomba la chuma, kwenye urefu wa kiwiko chake akiwa amekaa, lifungwe kwa skrubu ndefu ukutani kwenye tofali, si kwenye plasta. Na mlango ufunguke kwa nje. Mke wangu aliwahi kuanguka ndani na mlango ukawa unafungukia ndani, tukashindwa kuingia haraka.

BintiUnguja

Kaka'ngu, Allah akulipe. Kesho namwita seremala. Huo mlango wetu nao unafungukia ndani, sikuwahi kuliwaza hilo.